FM24 kwa wanaotaka kufundisha madaraja ya chini ya Uingereza

Mtu akiifungua Football Manager 2024 (FM24), gemu ya kompyuta ya kufundisha klabu ya soka, akachukua Arsenal au Manchester City, kwa kawaida huichoka kabla ya msimu wa pili. Fedha zipo, wachezaji wapo, kushindwa ni kwa kujitakia. Utamu wa gemu hii uko mwisho wa orodha ya ligi za Uingereza zilizomo ndani yake, daraja la sita: National League North na National League South, timu 24 kila upande, nyingi zikiwa na wachezaji wanaofanya mazoezi jioni mbili tatu kwa wiki. Huko ndiko tunakoipimia, na swali ni moja: je, inamtendea haki mchezaji wa zamani wa kawaida anayeanza ukocha bila jina na bila fedha? Ndiyo, inamtendea haki, na sababu kubwa ni mikataba. Kocha wa chini huponzwa au kuokolewa na tarehe ya mwisho wa mkataba wa beki wake, na jambo hilo gemu hii inalijua vizuri.

Kuipima bila mtu halisi wa kumlinganisha naye ni kazi bure. Dave Challinor anafaa kuliko wengi. Alikuwa beki wa kati wa Tranmere Rovers, akaanza fainali ya Kombe la Ligi ya mwaka 2000 walipofungwa 2-1 na Leicester City, kisha akapita Stockport County na Bury. Umaarufu wake ulitokana na mikono: mwaka 1998 alirusha mpira mita 46.34, rekodi ya dunia ya wakati ule. Ukocha aliuanzia Colwyn Bay, klabu ya Wales iliyokuwa ikicheza kwenye mfumo wa ligi za Uingereza. Mwaka 2011 akahamia AFC Fylde ikiwa daraja la nane, akaipandisha mara tatu, 2012, 2014 na 2017, hadi National League, yaani daraja la tano. Mwaka 2019 akafungwa 3-0 na Salford City kwenye fainali ya mchujo wa kupanda daraja, na wiki iliyofuata akabeba FA Trophy, kombe la klabu za madaraja ya chini. Hartlepool United aliirudisha League Two, daraja la nne, Juni 2021 kwa penalti dhidi ya Torquay. Novemba mwaka huohuo akaenda Stockport, akatwaa National League 2022 na League Two 2024. Zaidi ya miaka kumi ya kupanda ngazi moja moja, na katikati yake vipigo vya mchujo ambavyo vingemkatisha tamaa mwingine.

Mtego wa kwanza uko kwenye ukurasa wa kumuumba kocha. Gemu inauliza mambo mawili yanayobeba kila kitu: ulicheza kwa kiwango gani, na una leseni gani ya ukocha. Ukichagua mchezaji wa timu ya taifa mwenye leseni ya juu kabisa, unapewa pointi nyingi za uwezo, wachezaji wanakusikiliza toka siku ya kwanza, na safari yote inakuwa mteremko. Ukichagua mchezaji wa ndondo asiye na leseni, chumba cha kubadilishia nguo kinakuwa kigumu: unatoa maneno makali wakati wa mapumziko na nusu ya kikosi inanuna. Kwa anayetaka safari ya mtu kama Challinor, chagua mchezaji wa kulipwa wa jina dogo na leseni ya chini au ya kati. Pointi usizitawanye. Zipeleke kwenye usimamizi wa watu, nidhamu, na kutambua uwezo wa mchezaji wa sasa. Kutambua vipaji vya baadaye kuache kwanza, kwa sababu klabu ya daraja la sita haimiliki kesho: kijana akichanua, anachukuliwa.

Baada ya kazi kupatikana, omba uongozi wakusomeshe leseni inayofuata. Wengi watakukatalia mara ya kwanza kwa sababu ya gharama. Omba tena timu ikiwa imeshinda mechi kadhaa mfululizo, si wakati mko kwenye mstari wa kushuka.

Sasa mikataba. Ukurasa wa fedha wa klabu ndogo unaonyesha bajeti ya mishahara kwa wiki, na mgeni hudhani kubaki chini ya kiasi hicho ni kuwa salama. Si hivyo. Kuna vipengele vinavyoingia mlango wa nyuma: posho ya kila mechi, posho ya kukaa benchi bila kuingia, nyongeza ya kila mwaka, na nyongeza ya asilimia timu ikipanda daraja. Wakala akikubali mshahara mdogo haraka, angalia amepachika nini chini. Hiyo ya kupanda daraja ndiyo inayoua klabu: ukiwapa wachezaji kumi na watano, siku ya kushangilia ubingwa ndiyo siku bajeti ya msimu ujao inapasuka, na unaingia daraja la tano ukiwa na kikosi cha daraja la sita kinacholipwa kama cha daraja la nne.

Njia inayofanya kazi ni mshahara wa msingi mdogo na posho ya mechi kubwa, kwa sababu anayeumia miezi mitatu hakugharimu sana. Weka kipengele cha klabu kuongeza mwaka mmoja kwa hiari yake. Weka punguzo la mshahara timu ikishuka. Nyongeza ya kupanda daraja ifute, na mchezaji akiing'ang'ania, mwache aende hata kama ni mzuri.

Kuna pia wachezaji wasio na mkataba kamili, wanaolipwa kwa mechi tu. Wanavutia kwa bei, lakini klabu yoyote inaweza kuwachukua siku yoyote bila kulipa chochote. Mfungaji wako akiwa na mabao kumi kufikia Novemba bila mkataba, hesabu kwamba ameshaondoka. Mpe mkataba wa nusu muda akishafunga matatu. Mikataba mingi ya Uingereza inaisha 30 Juni, kwa hiyo kazi ya kuhuisha ifanywe Februari na Machi. Anayengoja Mei anakuta wachezaji wanane wameaga kwa mpigo na hana hata kipa wa akiba. Kosa hili ndilo linalovunja safari nyingi msimu wa kwanza, na chanzo chake ni kubonyeza kuendelea bila kufungua orodha ya mikataba.

Klabu ikigeuka ya kulipwa kikamilifu baada ya kupanda, mikataba ya nusu muda inabidi ijadiliwe upya. Tunza akiba ya mishahara kwa ajili ya siku hiyo.

Uwanjani mambo ni mepesi zaidi kuliko watu wanavyoyafanya. Kikosi cha mazoezi mara mbili kwa wiki hakishiki mfumo wenye maagizo kumi na mawili. Gemu inaruhusu kuandaa mifumo mitatu, funza mmoja. 4-4-2 yenye maagizo matatu au manne inatosha: pasi ndefu kidogo, krosi, na mstari wa ulinzi wa kawaida. Uwezo wa wachezaji unapimwa 1 hadi 20, na daraja la sita mtu mwenye kasi ya 13 ni hatari hata kama kupiga pasi kwake ni 6. Tafuta kasi, bidii, na kuruka juu. Ufundi utauhitaji baadaye.

Hapo ndipo mikono ya Challinor inapoingia. Orodha ya uwezo ina sehemu ya kurusha mpira mbali, na karibu hakuna klabu ya chini inayoitazama wakati wa usajili, kwa hiyo mrushaji mwenye 16 anapatikana kwa bei ya kawaida. Mpange kwenye ukurasa wa mipira ya kutenga kama mrushaji wa pande zote mbili, kisha weka mabeki warefu kwenye nguzo ya karibu ya lango. FM24 ilitengeneza upya sehemu ya mipira ya kutenga na kuleta makocha wake maalumu. Kama uongozi unaruhusu nafasi ya ziada ya benchi la ufundi, huyu ana faida kuliko skauti. Tahadhari moja: mrushaji akiwa beki wa kati, kila anapokwenda pembeni nyuma panabaki wazi. Mwache beki wa pembeni mmoja na kiungo mkabaji wabaki nyuma, la sivyo mpira ukiokolewa tu mnakimbizwa.

Kombe la FA ni hazina. Timu za daraja la sita huingia raundi ya pili ya awali, na kila ushindi unaleta fedha ya zawadi. Ukipangiwa klabu kubwa ugenini, mgawo wa viingilio unaweza kulipa mishahara ya miezi. Hapa FM24 imepitwa na wakati kwa jambo moja linalomfaidisha mchezaji: bado ina mechi za marudiano baada ya sare, wakati kombe halisi liliziondoa kuanzia raundi ya kwanza rasmi msimu wa 2024/25. Sare ugenini bado ni mavuno. Kabla ya msimu, omba pia mechi mbili za kirafiki nyumbani dhidi ya klabu za juu. Mtafungwa, lakini geti litajaa.

Kwa Mtanzania kuna la kufurahia na la kusikitisha. Ligi yetu haichezeki ndani ya gemu. Afrika nzima, yenye ligi ya kufundisha bila kuongeza faili ni Afrika Kusini peke yake. Anayetaka kuiongoza Coastal Union au African Sports kutoka uwanja wa Mkwakwani, Tanga, hapati nafasi hiyo, na hili tunalihesabu kuwa pengo kubwa. Lugha ya Kiswahili nayo haimo. Lakini madaraja haya ya chini ndiko walikopita ndugu zetu: Adi Yussuf, mzaliwa wa Zanzibar, alichezea Mansfield Town na Solihull Moors, Tarryn Allarakhia wa Taifa Stars alikuwa Wealdstone kabla ya Rochdale, Haji Mnoga alitokea Portsmouth na baadaye akaenda Salford City. Watafute. Kumleta mchezaji moja kwa moja kutoka Dar es Salaam ni shughuli nyingine kabisa, kwa sababu kibali cha kazi cha Uingereza hutolewa kwa pointi za mechi za timu ya taifa na uzito wa ligi anayotoka.

Inaposhindwa zaidi ni kwenye subira ya viongozi na kumbukumbu ya historia. Gareth Ainsworth aliiokoa Wycombe Wanderers isishuke kutoka League Two siku ya mwisho ya msimu wa 2013/14 kwa tofauti ya mabao, na mwaka 2020 aliifikisha Championship, daraja la pili. Kwenye gemu, uongozi mara nyingi ungemtimua Februari ya msimu ule wa 2013/14. Tena, Challinor alirudi Stockport akiwa mtu aliyewahi kuvaa jezi yao. Kocha unayemuumba anabeba uchezaji wake kama namba tu, hakuna jukwaa linalomkumbuka. Maswali ya waandishi wa habari yanajirudia mno. Yakabidhi kwa msaidizi ila kabla ya mechi za watani na za mchujo, ambapo majibu yanagusa ari ya kikosi.

Anayetaka kuanzia chini zaidi, kama Fylde ya 2011, anahitaji faili za madaraja ya saba na ya nane zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe. Zinawekwa kwenye folda ya Nyaraka, ndani ya Sports Interactive, kisha Football Manager 2024, kisha «editor data». Lazima uzichague kabla ya kuanza safari mpya. Iliyokwisha kuanza haizipokei. Kila daraja linaloongezwa linapunguza kasi.

Kuhusu mashine, RAM ya GB 4 ndiyo kiwango cha chini, na laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa Ngamiani, Tanga, ziko hapohapo. Andaa nafasi ya GB 10 kwenye diski. Pakia Uingereza peke yake hadi daraja la sita, hifadhidata ndogo, na mechi uziangalie kwa vidoti badala ya watu wa 3D. Ukiwa na GB 8, ongeza nchi mbili. Joto la Tanga kuanzia Desemba hadi Machi linaifanya laptopu ya zamani ipunguze kasi yenyewe ili isiungue: safisha feni, iweke juu ya meza ya mbao au vigae, kamwe si juu ya godoro. Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa na betri imekufa, faili linaharibika na msimu mzima umepotea. Nenda kwenye mipangilio, chagua kujihifadhi kila wiki kwa faili tatu zinazopokezana, ili moja likiharibika mawili yabaki. Steam, programu ya duka la mtandaoni inayoendesha gemu, iingie kwa intaneti mara ya kwanza, kisha iweke hali ya nje ya mtandao, na uzuie masasisho yasijishushe yenyewe kwa sababu yanakula bando usiku ukiwa umelala.

Toleo la 2025 lilifutwa Februari mwaka huo kabla ya kutoka, na FM26 iliyotoka Novemba 2025 imejengwa juu ya injini mpya ya Unity na mpangilio mpya wa kurasa. Ina soka la wanawake na leseni ya Ligi Kuu ya Uingereza, lakini kwa mtu wa daraja la sita hayo hayabadilishi kazi yake ya kila siku. Mwenye laptopu ya GB 4 abaki na FM24.