Gari Likigoma Kuwaka: Kipimo Gani Ununue Kwanza?

Anayetoka Tabora kwenda Sikonge au Kaliua hupita vipande virefu vya pori visivyo na gereji, na gari la otomatiki likigoma kuwaka huko, kulisukuma hakusaidii kitu.

Kwa maoni yangu, kifaa cha kwanza kununua ni multimita ya dijitali, yaani kipimo cha umeme chenye ncha mbili, wala si mashine ya kuskani hitilafu za kompyuta ya gari ambayo wengi huikimbilia. Kompyuta ya gari nayo hutegemea betri. Umeme ukipungua, huweza kuandika hitilafu za sensa ambazo ni nzima, na mwenye gari akaishia kununua vipuri asivyovihitaji. Betri iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, husoma takribani volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Mwombe mtu apige stata huku wewe ukitazama kioo cha multimita: namba ikishuka chini ya 9.6, ishuku betri kwanza. Ikibaki juu ya 12 na stata iko kimya, fuatilia fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na swichi ya gia, ile inayoruhusu stata gia ikiwa kwenye P au N tu.

Kisha gusisha ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini wakati stata inazunguka. Ikizidi nusu volti, waya wa bodi, yaani ule unaounganisha upande hasi wa betri na chuma cha gari, una kasoro. Kipimo hicho kingeniokolea fedha nyingi, kwani gereji moja ilinibadilishia stata mara mbili kabla ya fundi mwingine kuchana ganda la waya huo na kukuta nyuzi za shaba zimegeuka unga wa kijani.

Cha pili ni kisoma misimbo ya hitilafu cha OBD2 (mfumo wa gari wa kujichunguza) chenye kioo chake, kinachochomekwa kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi. Kikitoa msimbo P0335, chunguza sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, pamoja na waya zake. U0100 maana yake kompyuta ya injini haisikiki kwenye mtandao wa gari. Kijaribu kwenye gari lako ukiwa bado dukani, kwa sababu baadhi ya magari yaliyotumika kutoka Japani hayasomeki kwa kila kifaa ingawa soketi inaingia vizuri, na visomaji vingi vya bei ndogo havifikii mfumo wa ufunguo unaozuia wizi. Vile vya bluetooth ninaviweka nafasi ya tatu, kwa kuwa simu ikizima navyo vimekufa.

Kipimo maalumu cha betri kinamfaa fundi au mwenye magari kadhaa.

Ya mwisho ni taa ya kupimia yenye globu. Kwa fyuzi na taa za nje inatosha, lakini isiguse waya za kompyuta, maana globu huvuta mkondo ambao saketi zake hazikutengenezwa kuubeba.