Mashine ya kupasulia mbao yenye bledi nyingi: uzoefu wangu hapa Moshi

Karakana yetu hapa Moshi inapasua zaidi paini na saiprasi za West Kilimanjaro na Rongai, na kwa kazi hiyo mashine hii imetulipa. Kinachouzika kwetu ni branda (mbao za kufungia dari) na fremu, vipimo vilevile kila siku. Fundi anayepasua leo mninga wa kitanda na kesho ubao mmoja wa mlango, namshauri abaki na meza ya bledi moja. Hii ya bledi nyingi itampotezea muda kufungua shafti, yaani mhimili unaobeba bledi, na kuzipanga upya.

Chukua ubao wa inchi 12, yaani karibu milimita 305. Tunafunga bledi sita, tunapata vipande vitano vya milimita 50 kwa mpito mmoja, na kingo zote mbili zimenyooshwa. Kila bledi inakula milimita 4, jumla 24, kwa hiyo pembeni zinabaki kama milimita 31, na hizo ni kuni. Vipande vinatoka sawasawa kabisa, na wateja wa dari wameliona hilo.

Kilichonifurahisha kuliko yote ni usalama wa vijana. Ubao unavutwa na mnyororo chini huku magurudumu yakiukandamiza juu, mikono iko mbali na bledi. Mlangoni mwa mashine zinaning'inia kucha za chuma: ubao ukiingia zinainuka, ukitaka kurushwa nyuma zinaung'ata. Ila utomvu wa paini unazigandisha, halafu hazianguki tena. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tunazisukuma moja moja kwa kijiti na kuzisafisha kwa mafuta ya taa. Ukucha mmoja ukikwama, hatuwashi.

Muuzaji alituhakikishia kwamba hata mbao mbichi inapasua bila shida. Hapo hakusema kweli. Mbao mbichi inabana bledi, unga unashindilia kwenye mkato, mota inalalamika, na ubao unatoka na alama za kuungua. Zipangeni kwanza kwa vijiti katikati zipitishe hewa.

Umeme lazima uwe wa fezi tatu, na mfunge kinga inayozima mota fezi moja ikikatika. Bila hiyo mota inaungua. Feni ya kufyonza vumbi tulinunua pembeni. Iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo, vumbi lake si la kuvumilia.

Bledi zina meno ya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, na tupa ya kawaida haiwezi kuyanoa. Zinanolewa kwa jiwe la almasi. Nunueni seti mbili, moja ikienda kunolewa nyingine iwe kazini. Na seti nzima inolewe pamoja, kwa sababu bledi iliyonolewa peke yake inakuwa fupi kuliko wenzake, haifiki chini, na vipande viwili vinatoka vimeshikana.