Senta ya wanafunzi wasio na makaratasi, kampasi moja ya California: nimeitumia miaka miwili, haya ndio maoni yangu

Natoa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyobakiza nitaeleza imeenda wapi. Kampasi siitaji na jina langu siweki, watu wa huku mnajua kwa nini. Niseme tu ni moja ya zile 10 za University of California (UC), inahudumia wanafunzi wanaoishi Marekani bila kibali cha uhamiaji, na kabla ya hapo nilisoma komyuniti koleji, chuo cha ngazi ya kwanza kabla ya chuo kikuu, miaka mitatu, kwa hiyo nimepita sehemu mbili tofauti.

Nianze na tulivyofika hapa. Mama alikuja Marekani na viza ya kutembea 2013, mimi nina miaka 10, viza ikaisha tukabaki. Boksi mama kabeba za kila aina, wazee wa watu kawalea, usiku anasinzia kwenye kiti pembeni ya kitanda cha mgonjwa asubuhi anaunganisha zamu nyingine. Nyumbani sheria ilikuwa moja tu, mambo ya makaratasi hayasemwi, iwe kanisani, iwe kwenye misiba ya Wabongo, hata kwa rafiki uliyekua naye. Na shule hakuna aliyewahi kuniuliza, kwa sababu tangu 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya Plyler v. Doe ilishasema mtoto asinyimwe shule ya serikali kisa hana makaratasi. Kwa hiyo mpaka namaliza haiskuli 2021 nilikuwa mtoto kama wengine. Shida inaanza chuo, hapo kila fomu unayoshika inataka namba ya soshal, yaani Social Security, ambayo sisi hatuna.

Na hapo ndipo ule ukimya ulitugharimu hela. Komyuniti koleji nimeenda dirishani, dada wa pale kaniuliza soshal nikasema sina, kaniuliza nina viza gani nikanyamaza, akaandika kwamba mimi sio mkazi wa jimbo, ikaishia hapo. Bili ikaja zaidi ya dola 4,000 kwa yuniti 12, yuniti ndio kipimo cha masomo unayolipia, wakati mkazi analipa dola 46 kwa yuniti, yaani 552 kwa hizo 12. Mama akawaomba wenzie wa upatu wampishe apokee mapema, tukalipa yote, na tulilipa tukiamini kabisa kwamba hiyo ndio bei ya watu kama sisi.

Kumbe sheria ipo tangu 2001! Inaitwa AB 540. Ukisoma haiskuli California miaka mitatu na ukamaliza, unalipa ada ya mkazi hata kama huna makaratasi, unachofanya ni kusaini fomu ya kiapo kwamba siku ukipata njia ya kuhalalisha hali yako utaomba. Mwaka 2017 wakaipanua, SB 68, sasa hata miaka ya komyuniti koleji na shule za watu wazima inaweza kuhesabiwa. Angalizo moja hapa, ukiwa bado uko ndani ya muda wa viza yako ya kutembea hiyo sheria haikuhusu, inamhusu ambaye viza ilishaisha au hakuwahi kuwa nayo.

Aliyeniambia haya yote ni kaka mmoja aliyekaa kwenye meza ya kona kwenye ofisi ya washauri, mlangoni kabandika picha ya kipepeo wa rangi ya chungwa. Hicho kipepeo nilikipita miezi sijui maana yake, kumbe ndio alama ya huku ya watu kama sisi, kipepeo anayehama nchi hadi nchi. Sheria ya 2019, AB 1645, inataka kila komyuniti koleji na kila kampasi ya California State University iwe na mtu wa kuwahudumia wanafunzi hawa, na huyu kaka ndio alikuwa huyo mtu, peke yake chuo kizima. Swali lake la kwanza lilikuwa haiskuli nimesoma wapi na miaka mingapi, viza hakugusa kabisa. Dakika kumi fomu imeisha. Miezi miwili baadaye cheki ya kurudishiwa hela ikaja kwa posta na mama akaisoma amesimama mlangoni, hajavua hata koti.

Sasa tuje UC, maana ndio senta yenyewe ninayoipa nyota.

Nyie mnaofikiria hizi senta ni chumba chenye makochi na kahawa, hapana. Makochi yapo, lakini kazi kubwa inayofanyika pale ni fomu na pesa. Mwanafunzi asiye na makaratasi haruhusiwi msaada wa serikali kuu, ile fomu yake, FAFSA, wanayojaza wenzetu sisi haituhusu. Hapa California kuna fomu ya jimbo, California Dream Act Application, watu wanaiita CADAA, ilitokana na sheria mbili za 2011, na hiyo ndio inafungua Cal Grant, msaada wa ada wa jimbo, na misaada ya chuo chenyewe. Mimi bila AB 540 na CADAA nisingekanyaga UC, maana asiye mkazi anaongezewa zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, na kwetu hiyo hela haipo hata tuuze kila kitu. Dada wa senta alikaa na mimi mstari kwa mstari, penye soshal akanionyesha pa kuacha wazi, penye mapato ya mama akanieleza tunaandikaje. Na kwa familia zilizochanganyika, binamu yangu kazaliwa hapahapa, ni raia, ila wazazi wake hawana makaratasi na FAFSA ilikuwa inawatia hofu kwa sababu taarifa za wazazi zinaenda serikali kuu. Tangu 2024 jimbo limewaruhusu watoto kama huyo nao wajaze CADAA. Hilo nalo nimelijulia senta.

Ila kitu ambacho kwangu kina thamani kuliko vyote ni wakili. UC ina kituo chake cha mawakili wa uhamiaji kilichoanza 2014, makao yake ni shule ya sheria ya UC Davis, na Berkeley wao wana utaratibu wao. Bure kabisa, na sio mwanafunzi tu, hata familia yake ya karibu inahudumiwa. Sasa sikilizeni. Mjomba wangu alikuwa ananisisitiza kwenye simu kila wiki, mwanangu rudi Bongo, omba viza ya mwanafunzi, uingie kwa mlango wa mbele kama watu. Ananipenda, kanisomesha mpaka darasa la tatu, na mimi nilishaanza kuangalia bei za tiketi. Nikaenda kwa wakili nikidhani nataka tu kuuliza nibebe karatasi gani. Akaniambia funga hiyo kompyuta. Kuna sheria ya 1996, ukikaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 halafu ukatoka unafungiwa kurudi Marekani miaka 3, ukipitisha mwaka mzima unafungiwa 10. Saa inaanza kuhesabu ukifikisha miaka 18, ile ya utotoni haihesabiwi. Mimi 18 nilitimiza 2021, yaani nilishapita mwaka zamani sana, ningepanda ile ndege ningeaga kila kitu hapa kwa miaka 10 na digrii imeishia njiani. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi, nikampigia mjomba, na yeye akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata.

Wakili huyohuyo akaniuliza niliingiaje. Nikasema kwa ndege, na paspoti, wakagonga muhuri. Akanisaidia kutoa rekodi yangu ya kuingia, I-94, kwenye mtandao wa serikali, akasema itunze kama cheti cha kuzaliwa. Wengi wetu Waafrika Mashariki tuliingia kwa uwanja wa ndege tukiwa na viza, tofauti na aliyevuka mpaka bila kukaguliwa, na kisheria hiyo tofauti inaweza kuwa kubwa sana siku njia ya halali ikitokea, kwa mfano mtu ameoana kweli na raia. Nimesema kweli. Ndoa ya mchongo ni jinai na inaweza kukufungia milango moja kwa moja, wakili alilirudia hilo mara tatu. Na DACA, ule mpango wa kuwakinga na kufukuzwa na kuwapa kibali cha kazi walioletwa utotoni, jamani msiendelee kudanganyana kwenye magrupu ya WhatsApp, ile ilitangazwa 15 Juni 2012 kwa walioingia kabla ya miaka 16 na waliokuwepo hapa tangu kabla ya 15 Juni 2007, na tangu Julai 2021 maombi mapya hayashughulikiwi kwa amri ya mahakama, wanaofaidi ni wale wa zamani wanaorenew kila miaka 2. Wanaoingia chuo sasa hivi wengi wetu hatuna hiyo.

Mengine nipite haraka. Maktaba ya kuazima vitabu vya kozi iko vizuri, laptopu unaazima muhula mzima, pantri ya chakula ina mchele na maharage na mayai kila wiki, hela ya dharura niliomba mara moja gari la mama lilipokufa, ikaja ndani ya siku tano. Mshauri nasaha yupo mmoja anayejua mambo yetu, ni mzuri mno, ila foleni yake ni wiki sita na mtu anayelia leo hawezi kusubiri wiki sita, hilo chuo lazima waliangalie.

Nyota iliyobaki sasa. Siku ya kwanza naingia senta, kijana wa mapokezi kaniangalia akaniuliza kama natafuta ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Hakuwa na ubaya, aliona tu mtu mweusi akadhani nimepotea njia. Wiki ya pili mkutano mzima umeenda kwa Kihispania, wanacheka, wanafarijiana, mimi nimekaa na sahani yangu. Naelewa kwa nini, hawa ndugu wa Mexico na Guatemala ndio walioandamana mpaka hizi sheria zikapatikana na sisi tunakula matunda ya jasho lao, nawaheshimu kutoka moyoni. Lakini mtoto wa Kikenya au wa Kikongo akichungulia mlangoni akaona vile anageuza, na akigeuza anarudi kulipa ile bili ya dola 4,000 niliyolipa mimi. Nilimwambia mkurugenzi hivyohivyo. Akasikiliza, akaandika, na muhula uliofuata wakaanzisha kikao cha wanafunzi weusi kila mwezi, tuko watano, Wakenya wawili, Mnigeria, Mhaiti na mimi. Hapo ndio nikajulishwa kuna mtandao wa nchi nzima wa watu weusi wasio na makaratasi, UndocuBlack Network, upo tangu 2016. Miaka yote hiyo nilidhani niko peke yangu na mama.

Jingine sio kosa la senta ila linauma. Bila kibali cha kazi chuo hakiniajiri. Januari 2024 bodi ya UC iliahirisha mpango wa kuturuhusu tuajiriwe kampasi, na Septemba mwaka huohuo gavana Newsom akaukataa mswada uliokuja kwa nia hiyohiyo. Kwa hiyo maabara nafanya kazi ileile na mwenzangu, yeye ana mshahara mimi senta wamenitafutia felowshipu yenye posho. Nashukuru, kweli nashukuru, ila posho inaisha muhula ukiisha na kodi ya nyumba haina muhula.

Na hofu imeongezeka. Januari 2025 serikali iliondoa ule mwongozo uliokuwa unawazuia ICE, maafisa wa uhamiaji wanaokamata watu, kufanya operesheni shuleni, hospitali na makanisani, ikafika mahali watu wakaacha hata kuja senta. Senta wakahamishia miadi kwenye video, wakagawa kadi nyekundu zenye haki zako ukigongewa mlango, mama anatembea na yake kwenye pochi. Wenzetu wa Houston na Dallas nawaonea uchungu zaidi, Texas ndio waliokuwa wa kwanza kutoa ada ya mkazi kwa watu kama sisi, 2001 hiyohiyo, na Juni 2025 ikafutwa mahakamani. Mkiwa kule pigieni wakili kwanza kabla ya kusaini fomu yoyote ya ada.

Kwa mliopo California, mkienda bebeni transkripti ya haiskuli, paspoti hata kama imeisha muda, I-94 kama unayo, na makaratasi ya kodi ya mzazi kama anafaili kwa ITIN, namba ya kodi ya wasio na soshal. Dedilaini ya CADAA kawaida ni 2 Machi. Mapokezi wakikuuliza unatafuta nini sema tu AB 540, hakuna haja ya kueleza lingine pale mlangoni.