Latte nyumbani Lamu: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Kahawa kwa watu wa Lamu si jambo geni. Ukipita barazani jioni utaikuta kahawa chungu ikimiminwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, pembeni haluwa au tende. Ila kahawa ile haikukusudiwa kuchanganywa na maziwa, na nyumba nyingi sasa zinataka kikombe cha latte, yaani kahawa nzito yenye maziwa mengi ya moto, bila kwenda kukaa mkahawani. Majirani wananiuliza waanze na nini. Ushauri mwingi wa vifaa hivi umeandikwa kwa mtu mwenye maji matamu, umeme wa uhakika na fundi wa mtaa wa pili. Huku kisiwani maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi, upepo wa bahari unakula chuma, na kifaa kikiharibika kinavuka hadi Mokowe, kisha kinapanda basi kwenda Mombasa. Mpangilio wangu unafuata hali hiyo.

Kabla ya mashine yoyote, nunua kisagio. Nalisema hili mapema kwa sababu ndipo watu wanapobana pesa. Kahawa iliyosagwa dukani hupoteza harufu haraka, na unyevu wa pwani huiharibu zaidi. Blenda ya jikoni haisagi, inakatakata: unapata vumbi na vipande vikubwa pamoja, vumbi linatoa uchungu na vipande vinatoa uchachu ndani ya kikombe kimoja. Tafuta kisagio cha mkono chenye meno ya chuma cha pua na kirekebishi cha ukubwa wa unga. Hakitaki umeme, na gramu 15 unazisaga kwa dakika moja au mbili. Ukiwa na elfu kumi za kuanzia, mimi ningeweka zaidi ya nusu hapa.

Nafasi ya kwanza naipa moka, lile birika dogo la orofa mbili lililoanza kuuzwa na Alfonso Bialetti wa Italia mwaka 1933. Maji yako chini, kahawa katikati, mvuke unayasukuma maji kupanda juu. Msukumo wake ni bar (kipimo cha msukumo) moja au mbili tu, wakati espreso ya kweli, ile kahawa nzito ya mashine ya mkahawani, inahitaji kama bar 9, kwa hiyo hutapata ule utando wa dhahabu wa mkahawani. Lakini kahawa yake ni nzito kiasi cha kutopotea ndani ya maziwa, na kwa latte hilo ndilo linalotakiwa. Haina waya wala pampu, na mpira wake ukichoka unabadilisha mwenyewe.

Kuna mtego kwenye ukubwa. Moka ya "vikombe vitatu" hutoa kama mililita 130 za kahawa, yaani latte mbili, kwa sababu vikombe vinavyohesabiwa ni vile vidogo vya espreso. Na haijazwi nusu. Watu wawili nyumbani wachukue hiyo. Familia ya watu wanne au watano ichukue ya vikombe sita. Chagua ya chuma cha pua, ingawa bei yake iko juu, maana ya alumini hupata madoa haraka kwenye hewa yetu ya chumvi, tena haifanyi kazi kwenye jiko la induksheni. Kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6, kitako cha moka ndogo huyumba juu ya vyuma vya meko. Mwambie fundi wa chuma akukatie kiwavu cha kuweka juu yake. Moto uwe mdogo. Juu ya mkaa inawezekana, makaa yakiwa yamepoa, ila mkono wa plastiki ukiwa juu ya joto kali utayeyuka.

Ya pili ni Aeropress, bomba la plastiki unalosukuma kwa mkono. Imekuwapo tangu 2005, haishiki kutu, haivunjiki kirahisi safarini, na kuiosha ni kazi ya sekunde chache. Anayeishi peke yake ningemwambia aanze nayo badala ya moka. Upungufu wake ni kwamba inatoa kikombe kimoja kwa zamu, na nyumba zetu mgeni haji mmoja.

Ya tatu ni mashine ya wenzo, ile unayokandamiza kwa mikono miwili hadi ifike msukumo wa espreso. Kwa ladha inashinda hizo mbili za juu, na umeme ukikatika haina habari. Lakini inataka unga laini sana na ulio sawa, hivyo kisagio kizuri ni lazima, na asubuhi ya haraka inachosha. Ni ya mpenzi wa kahawa aliyekwisha kujua anachokitaka.

Mashine ya umeme yenye bomba la mvuke la kutengenezea povu la maziwa naiweka ya nne, na najua wengi watanipinga. Nilianza nayo. Niliitia maji ya nyumbani, na kabla ya mwaka kwisha tundu za ndani zilikuwa zimeziba kwa ukoko mweupe. Ukitaka kuyajua maji yako, chemsha kiasi kwenye sufuria mpaka yakauke yote: kinachobaki chini ndicho kitakachobaki ndani ya mashine. Maji yanayotoka visima vya matuta ya Shela ni afadhali, lakini yapime vivyo hivyo. Yakiacha ukoko, tumia maji ya kunywa ya dumu, na safisha mashine mara kwa mara kwa dawa ya kuondoa ukoko.

Ukiamua kuinunua, usishtushwe na "bar 15" iliyoandikwa kwenye boksi. Huo ni uwezo wa pampu. Kahawa inataka kama 9. Angalia wati: nyingi zinakula 1,000 hadi 1,500, na inveta ndogo ya sola haitaibeba. Jamaa akikuletea kutoka Dubai au Muscat, umeme wao unaelewana na wetu wa volti 240. Ya Marekani ya volti 120 itaungua siku ya kwanza. Uliza pia kama mpira na kichujio vinapatikana Mombasa, kabla hujalipa.

Mashine za kapsuli, vile vikopo vidogo vya kahawa vya kutumia mara moja, naziweka mwisho kabisa. Kapsuli hazipatikani kila duka, kila kikombe ni ghali, na taka zake zinabaki kisiwani. Hatuna pa kuzipeleka.

Maziwa nusura niyasahau, nayo ndiyo sehemu kubwa ya kikombe. Bila bomba la mvuke, povu zuri linapatikana kwa jagi la kahawa lenye kisukumio cha wavu: tia maziwa ya moto hadi theluthi moja, pandisha na shusha kisukumio kwa sekunde 20, kisha gonga jagi mezani mapovu makubwa yapasuke. Kile kipigio kidogo cha betri ni rahisi kununua, ila povu lake ni la mapovu makubwa na huanguka upesi. Joto liwe nyuzi 60 hadi 65. Yakifika kuchemka utamu unapotea. Maziwa mabichi kutoka bara yachemshe kwanza kwa usalama, yapoze, uondoe utando, ndipo uyapashe tena. Ya pakiti yenye mafuta kamili hayana kazi hiyo.

Kwa punje, "AA" kwenye pakiti ya kahawa ya Kenya inaeleza ukubwa wa punje, haikuahidi ladha. Tazama tarehe ya kukaangwa, na kwa maziwa chagua iliyokaangwa hadi kahawia iliyokolea. Nunua robo kilo, iwekwe kwenye chombo kisichopitisha hewa, mbali na jiko na mbali na dirisha la baharini.

Na meza yenyewe usiiweke chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Mvuke wa kila siku unaila plasta ya chokaa, na kuitengeneza kutakugharimu kuliko vifaa vyote hivi.