Tahadhari, watu wa Lubumbashi: nimeuziwa leseni ya Windows, na yangu ilikuwa tayari ndani ya kompyuta yangu

Ndugu zangu, naandika hasira haijaisha, kwa hiyo mnivumilie. Nina kibanda cha kupiga kazi kwa kompyuta na kutoa fotokopi upande wa njia ya Kasapa, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Mashine ikilala siku mbili wakati watu wanajiandaa kutetea kazi zao za mwisho, nyumbani kwangu watu wanakula mboga bila bukari (ugali). Fundi wa kompyuta aliyeniuzia nilimwambia hayo yote kabla hata sijafungua begi. Hapo ndipo nilipojiuza.

Umeme ulikatika mashine ikiwa katikati ya «mise à jour» (kujisasisha), na betri yangu ni ya jina tu. Uliporudi, kila nikiwasha inaandika «Réparation automatique», yaani inajirekebisha yenyewe, inazunguka, inajizima, inarudia palepale. Nilijaribu mara nane hivi, kisha nikapanda basi mpaka mjini kwa fundi niliyeelekezwa. Jina lake na duka lake siandiki. Sitafuti kesi, na mchezo wenyewe si wake peke yake, kwa sababu tangu nianze kulia nimepata wenzangu wawili, mmoja wa Katuba na mmoja wa Kamalondo, ambao wamesimuliwa maneno yaleyale.

Maneno ndiyo haya. Akaiwasha, akaitazama nusu dakika, akatikisa kichwa kama daktari: «Mama, système imekufa. Tena hii ni Windows 10, Microsoft wamekwisha kuifunga. Lazima tuingize 11.» Dola 10 za kuformati (kufuta diski na kuweka Windows upya), dola 25 za «licence original», dola 15 za flash ya GB 128 yenye Windows ndani, «ili siku nyingine usihangaike mama yangu». Jumla 50. Nikabishana mpaka 45 na nikajiona mjanja. Akasema mashine ilale kwake. Ikalala.

Kesho yake naikuta inawaka vizuri, Windows 11 Pro, na pale kwenye mipangilio imeandikwa «Windows est activé», yaani leseni imekubaliwa. Akanipa kikaratasi chenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25, umeandikwa kwa kalamu ya bic, unaanza na W269N. Nikitunze kama cheti cha ndoa, akasema. Kazi za wanafunzi amezihamishia kwenye ile flash kabla ya kufuta. Nikaichomeka, nikahesabu majina ya faili, yote yapo. Nikalipa. Njiani ndani ya basi nilikuwa hata namwombea baraka.

Kilichonishtua kwanza ni kitu kidogo: kibao. Mashine yangu ni AZERTY, herufi zimepangwa kwa Kifaransa, kama za wengi hapa kwetu, na yeye aliacha mpangilio wa QWERTY, wa Kiingereza. Nabonyeza A inatoka Q. Nikampigia simu, akaniambia nitazoea. Kwa mtu anayekula kwa kupiga maandishi, eti nitazoea!

Halafu akaja kijana mmoja kuchukua sura ya tatu ya kazi yake ya mwisho. Jina la faili lipo, uzito wake upo, lakini ukiifungua Word inasema imeharibika. Ya pili hivyo hivyo. Nikafungua picha za ubatizo nilizokuwa nazo humo: nusu ya juu unaona uso wa padri, nusu ya chini ni kijivu kitupu. Zile zilizonakiliwa mwanzo zilikuwa nzima, zilizofuata zote maganda.

Nikamwita mtoto wa dada yangu anayesoma informatiki. Aliigeuza flash mkononi tu, akauliza: «Mama mdogo, hii umeinunua bei gani?» Tukaweka programu ya bure inayoitwa H2testw. Kazi yake ni kuijaza flash yote mpaka juu, kisha kusoma tena kila ilichoandika ili kuona kama kimerudi kilivyo. Tuliiacha usiku kucha. Asubuhi jibu: GB 7 na kitu ndizo za kweli, nyingine zote hewa. Yaani flash ni ya GB 8, lakini kichipu kinachoiongoza kimefundishwa kudanganya kompyuta kwamba ni 128. Ukiijaza zaidi ya uwezo wake haikatai. Inapokea, inaandika jina, na data yenyewe inapotea. Sasa pigeni hesabu: Windows peke yake ilichukua zaidi ya GB 5 humo. Kazi za watu zilibakiwa na GB mbili, na mimi nilikuwa na zaidi ya 30.

Kuzirudisha kutoka kwenye diski? Tulijaribu. Diski yangu ni SSD, na SSD ikishaformatiwa husafisha yenyewe nafasi zilizofutwa, haibakizi kitu cha kuokota kama zile diski za zamani zinazozunguka. Sura tatu nimezipiga upya bure, usiku, na kijana mwenyewe ananisomea kutoka kwenye karatasi za rasimu.

Tukafika kwenye leseni. Mpwa wangu akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika slmgr /dli, akabonyeza Entrée. Kikatokea kisanduku, na ndani yake neno VOLUME_KMSCLIENT, yaani leseni ya makampuni. Akaandika slmgr /xpr, ikatokea tarehe ya mwisho. Leseni gani ya kununua ina tarehe ya kufa? Akanieleza taratibu, na mimi nawaeleza nyinyi kama nilivyoelewa. Makampuni makubwa yana kompyuta yao moja ndani ya ofisi inayothibitisha nyingine zote, na kila uthibitisho unadumu siku 180 kisha unaombwa tena. Ili mafundi wao waweke Windows kwenye mashine hizo, Microsoft wenyewe wametangaza funguo za kuanzia kwenye tovuti yao, wazi kwa kila mtu. Ule unaoanza na W269N ni mmojawapo, ni wa Windows Pro. Ndio nilioandikiwa kwa bic kwa dola 25. Peke yake haufungui chochote. Kwa hiyo fundi anaweka kiprogramu kinachojifanya ndicho ile kompyuta ya ofisi, ndani ya mashine yako mwenyewe.

Na antivirusi ya Windows huwa inakikamata kiprogramu hicho, ndiyo maana aliifunga macho. Tulipoingia kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender, ndiyo antivirusi hiyo, haruhusiwi kuvikagua, tukakuta folda nzima ya diski C imeandikwa humo. Chochote kingeweza kukaa pale. Na mimi kwenye mashine hiyohiyo nafungua barua pepe za wateja na akaunti zangu. Nilibadilisha maneno yote ya siri kwa simu jioni ileile, kabla hata ya kula.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Mashine yangu ilitoka kiwandani na Windows 10 Home. Mashine za namna hiyo, ufunguo wake umeandikwa kwenye kichipu cha ubao mama. Ukiformati mara 20 haufutiki. Ukiweka upya Home ileile, 10 au 11, inajitambua na kujiwasha yenyewe ikipata tu intaneti, bila senti. Kama mashine inawaka, fungua PowerShell (dirisha jingine la amri la Windows) uandike (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey, na ikikutolea herufi 25 basi leseni yako unayo tayari. Yeye alilazimisha Pro, ambayo ufunguo wangu wa Home hauiingii, ndipo akapata sababu ya kuniuzia «licence». Ni kama mtu abadilishe kitasa cha mlango wako kisha akuuzie ufunguo, na ufunguo wenyewe wa kuazima.

Na ule wimbo wa «Windows 10 imefungwa», msikubali kuimbiwa nusu. Ni kweli kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Mashine haifi siku hiyo. Waliweka mpango wa nyongeza kwa watu binafsi mpaka 13 Oktoba 2026, na kuhamia 11 ni jambo la akili kama mashine inakubali. Inapokubali ni lini? Inatakiwa TPM 2.0 (kichipu cha usalama), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 4, na kama prosesa ni ya Intel kwa kawaida ni kizazi cha 8 na kuendelea. Fundi anayekwambia anaweka 11 kwenye mashine yoyote anaruka ukaguzi huo. Inawezekana kuuruka, ila akwambie kwamba anauruka.

Halafu, je, kulikuwa na haja ya kuformati? Mpwa wangu anasema pengine hata haikuwapo. Kwenye ile skrini ya bluu ya urekebishaji kuna «Dépannage» (utatuzi), kisha «Réinitialiser ce PC» (anzisha upya kompyuta), kisha «Conserver mes fichiers» (baki na mafaili yangu). Programu zinaondoka, mafaili yako yanabaki. Hata hiyo ikigoma, unachomeka flash yenye Linux Mint, mfumo mwingine wa bure usio Windows, unaiwasha bila kuisakinisha, unanakili kazi zako kwenye diski ya nje, ndipo unafuta. Isipokuwa kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows. Hapo utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, na kwa wengi unakuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yao ya Microsoft. Uutafute leo mashine ikiwa nzima.

Tuliirudisha wenyewe. Nilinunua flash nyingine ya GB 16, tukaipima kwanza. Kwenye mashine ya jirani tukapakua Media Creation Tool, programu ya kutengeneza flash ya Windows, kutoka microsoft.com penyewe. Inataka flash ya GB 8 au zaidi na inafuta kila kilichomo, kwa hiyo msichomeke yenye picha za watoto. Nilinunua mega (bando la intaneti) za usiku, maana ni upakuaji wa zaidi ya GB 5. Kuwasha kwa flash, kwenye HP yangu ni F9 ukiigongagonga mara tu baada ya kuwasha. Dell na Lenovo nyingi ni F12. Tukachagua lugha ya Kifaransa na kibao cha Kifaransa, tukafuta vipande vyote vya diski ile, tukaendelea. Haikuniomba ufunguo hata mara moja. Ilichagua Home yenyewe. Nilipoiunganisha na intaneti ya simu, ikaandika «Windows est activé avec une licence numérique». Nilikaa kimya nikiitazama. Gharama yote: flash na mega.

Siku hiyohiyo ndipo tulipoona kwamba RAM ni GB 4. Kasha la mashine ninalo bado, limeandikwa 8. Tukafungua chini: nafasi mbili za RAM, bareti moja (kipande cha RAM), na nafasi ya pili ina vumbi pembeni tu, katikati safi.

Nilirudi kwake na kasha, kikaratasi na flash. Akanipokea vizuri, «karibu mama», akaniletea hadi kiti. Flash akasema naye aliuziwa hivyo na watu wanaoleta mizigo kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Leseni akasema ni original «ya kampuni». RAM akasema hajui, labda nilinunua mashine hivyo. Sikuwa na risiti yake hata moja, wala sikuwa nimepiga picha ya mashine kabla ya kuiacha. Alinirudishia dola 10, akaniambia nipite Jumatatu. Nimepita Jumatatu tatu.

Kwa hiyo ukiombwa kuacha mashine ilale, kataa, ukae. Kuweka Windows kwa flash nzuri kwenye SSD hakumalizi hata saa moja. Ukilazimika kuiacha, fungua mbele yake ukurasa unaoonyesha RAM na diski, upige picha kwa simu, naye akiona unapiga. Mimi sasa kila skrubu ya chini nimeitia tone la rangi nyekundu ya kucha. Ikifunguliwa, tone linapasuka. Na kama kuna mtu ameuziwa mjini bareti ya RAM aina ya DDR4 ya GB 4 iliyotumika, aniandikie.