TAHADHARI: Pikipiki iliyolala muda mrefu, usikubali kuambiwa "kabureta imekufa"

Ndugu zangu wenye pikipiki, kama chombo chako kimekaa ndani miezi kadhaa na sasa kinasumbua kuwaka, nisomeni kabla hamjatoa hela.

Yangu ililala miezi tisa nilipokuwa naumwa. Nilipokuja kuiwasha ikawa inashika kwa choki tu. Ukirudisha choki, inazima. Nikaipeleka kwa muuza vipuri ambaye pia anatengeneza. Hakufungua hata skrubu moja. Alipiga kiki mara tatu, akatikisa kichwa, akasema kabureta (kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa) imekufa na haitengenezeki, ila kuna "orijino" moja imebaki dukani. Nikalipa. Ikawaka palepale. Nilipoulizia ile ya zamani, akajibu ameshaitupa.

Siku ya nne ugonjwa uleule ukarudi, na mwingine juu yake: mlimani haina nguvu, injini inachemka kupita kawaida. Nikarudi kwake. Akaniambia pikipiki yangu ndiyo mbovu, sasa ninunue koili ya moto wa plagi.

Hapo nikaenda kwa fundi mwingine, naye akaanza na tanki. Alifungua kifuniko akaninusisha: harufu nzito iliyochacha, kama vanishi. Mafuta ya miezi tisa yalikuwa bado mle ndani, na vumbi la kutu chini. Yule muuzaji alifunga kabureta mpya juu ya uchafu uleule! Hili ndilo lililoniuma kuliko hela.

Petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi huruka na inayobaki hugeuka utomvu unaonata. Wa kwanza kuumia ni jeti ndogo (kijiskrubu chenye tundu la kupitisha mafuta ndani ya kabureta), ile ya mwendo wa chini, kwa sababu tundu lake kwa pikipiki nyingi ndogo halifiki hata nusu milimita. Choki huongeza mafuta kulinganisha na hewa, ndiyo maana injini inashika ukiivuta na kuzima ukiirudisha. Kwa pikipiki iliyolala, dalili hiyo karibu kila mara inasema tundu limeziba. Haisemi kabureta imekufa. Kama mafuta yanamwagika yenyewe, angalia sindano ya boya, ile inayofunga mafuta bakuli la kabureta likijaa, huenda imenata au ina uchafu. Nayo husafishika au hubadilishwa peke yake.

Na ile "orijino"? Jeti yake kubwa, ile ya mwendo wa kasi, haikuwa na namba yoyote, na plagi ilitoka nyeupe, yaani hewa nyingi mafuta kidogo. Ndiyo sababu ya kuchemka.

Sikatai kwamba kabureta huweza kufa kweli. Maji yakikaa ndani hula mwili wake wa aloi hadi ukafanya vishimo na unga mweupe. Lakini hayo huonekana kwa macho baada ya kufungua, hayajulikani kwa kiki tatu. Kabureta yangu sijaiona tena. Sina ushahidi ilikokwenda, ila mtu anayeijua kazi hii hatupi kabureta ya kiwandani kwa sababu jeti imeziba.

Kwa hiyo kabla ya kumpelekea mtu: injini ikiwa imepoa, mbali na moto, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta na ukinge mafuta kwenye chombo kinachopitisha mwanga. Yakiwa ya kahawia au yana matone ya maji chini, mwaga na ya kwenye tanki, osha chujio, weka mapya. Bado inazima? Mwambie fundi atoe jeti mbele yako, aioshe kwa dawa na kuipuliza kwa upepo. Akichukua waya wa chuma, mzuie. Jeti ni shaba laini, tundu litapanuka. Mipira na diaframu (utando wa mpira) zitolewe kabla ya dawa, maana huzivimbisha.

Na kabureta yako ipige alama ya rangi mahali pa siri. Ikibadilishwa, ondoka na ya zamani mkononi, hata ukiambiwa ni takataka.