Inveta ndogo ya kuchomelea inapogoma: uzoefu wangu

Mashine ninayoizungumzia ni inveta ndogo ya kuchomelea kwa vijiti, yaani mashine inayogeuza umeme wa soketi kuwa wa kuchomelea kwa vifaa vya elektroniki, ile ya bei nafuu inayobebwa begani kwa mkanda na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani ya volti 230. Nimeitumia kwa mageti, fremu za madirisha na miguu ya meza, na kazi ilipotulia imenitumikia vizuri. Hata hivyo ilinisumbua vya kutosha kunilazimisha kufuatilia chanzo cha kila usumbufu, na ninayeandika kwa ajili yake ni yule anayefikiria kuirudisha dukani: karibu kila hitilafu niliyoikuta ilikuwa nje ya boksi, katika njia ambayo umeme unapita kabla ya kuingia kwenye mashine na baada ya kutoka.

Usumbufu mkubwa ulikuwa kijiti kunata. Kijiti cha aina ya E6013 chenye unene wa milimita 2.5 huhitaji takribani ampea 60 hadi 90, lakini changu kilinata hata nilipopandisha hadi 100, na kilipokubali kuwaka moto wake ulisitasita na kuacha mshono uliokaa juu ya chuma bila kuzama. Nilipima kwa mita kati ya tundu la chanya na la hasi wakati mashine imewashwa bila kuchomelea, nikapata zaidi ya volti 60, kiwango kinachotarajiwa kwa mashine nyingi za aina hii. Kipimo hicho hakithibitishi kwamba mashine ina nguvu ikiwa kazini, ila kilitosha kunielekeza kwenye kebo. Nilizima mashine mara baada ya kuchomelea, nikashika kebo ya ethi, ile inayorudisha umeme kutoka kwenye chuma kinachochomelewa, kuanzia kwenye mashine kuelekea kwenye klampu inayouma chuma hicho, na karibu na klampu ikawa ya moto kuliko sehemu nyingine yoyote.

Joto la namna hiyo maana yake ni ukinzani, yaani umeme unazuiwa njiani. Kwenye ampea 80, kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05 tu kinameza volti 4 na kugeuza wati 320 kuwa joto, ilhali moto wa kijiti wenyewe unahitaji volti zipatazo 23 pekee. Klampu iliyokuja na mashine ilikuwa ya bati jembamba lenye springi legevu, na kebo ilikuwa imefungwa kwenye taya moja tu, huku taya la pili likipata umeme kupitia springi na pini. Nilikata ncha ya kebo iliyokwisha kuungua, nikabana kichwa kipya cha shaba kwa nguvu, nikafunga klampu nzito ya shaba nyeupe, na tangu hapo nikawa nasugua rangi na kutu mpaka chuma king'ae mahali klampu inapouma. Kijiti kilekile kiliwaka kwa mguso mmoja kwenye ampea 75. Sioni sababu ya kutafuta kosa jingine lolote kabla ya kukagua kiungo hiki, kwani ndicho sehemu dhaifu kuliko zote katika mashine hizi.

Vijiti vyenyewe navyo vina lawama yao, hasa vilivyokaa kwenye unyevu. E6013 hukubali kushikwa upande wa chanya au wa hasi, lakini kijiti cha aina ya E7018 ni kikali zaidi: kinataka chanya kwenye mashine za umeme mnyoofu (DC), na kikinyonya unyevu mshono hujaa vitundu.

Mashine ilipokuwa ikififia katikati ya mshono, chanzo kilikuwa waya wa kuongezea. Nilikuwa nikitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 25, ambao kwa kwenda na kurudi una ukinzani wa takribani omu 0.6, hivyo mashine inapovuta ampea 20 volti 12 hupotelea njiani, tena katika saa ambazo umeme wenyewe umeshuka. Waya wa milimita za mraba 2.5 ulipunguza hasara hiyo hadi volti 7 na kitu. Waya wowote ni lazima ukunjuliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake, kwa sababu ukiachwa umezungushwa joto halipati pa kutokea na plastiki yake huyeyuka.

Jambo ninalolilalamikia kwa dhati ni namba 250 iliyoandikwa kwa maandishi makubwa mbele ya mashine. Ampea 250 kwa volti 30 za moto ni wati 7,500, ilhali soketi ya ampea 16 haitoi zaidi ya wati 3,680, kwa hiyo ahadi hiyo haiwezi kutimia nyumbani. Ukweli uko kwenye kibandiko cha nyuma: ampea 140 kwa asilimia 30, yaani dakika tatu za kuchomelea katika kila kumi. Ukizidisha, taa ya njano huwaka na moto hukatika. Hiyo ni kinga, wala si ubovu; iache mashine ikiwa imewashwa ili feni iipoze.

Vumbi la grainda hupitisha umeme, kwa hiyo sikatii chuma karibu na mashine, na mara kwa mara naipuliza kwa hewa kavu kupitia matundu yake. Kifuniko sikifungui ovyo, kwa kuwa kapasita za ndani hubaki na chaji ya volti zaidi ya 300 hata plagi ikishachomolewa. Ikiwa kikata umeme kinaanguka mara tu unapowasha swichi, hata kebo zote za kuchomelea zikiwa zimeondolewa, hapo tatizo liko ndani, mara nyingi transista au rektifaya (vipande vya elektroniki vinavyogeuza umeme) iliyoungua, na kazi hiyo ni ya fundi wa elektroniki.

Kwa chuma cha unene wa milimita 2 hadi 5 na vijiti vya 2.5, naipendekeza mashine hii bila wasiwasi, mradi mnunuzi atenge pia fedha za klampu nzuri na waya mnene. Anayetaka kuchomelea mabamba mazito kutwa nzima kwa vijiti vya milimita 4 anahitaji mashine nyingine, na soketi nyingine pia.